Makopo Kumi na Manane ya Mama Adolphine

Miaka thelathini na minne, miezi minne na wiki tatu: huo ndio muda ambao Mama Adolphine Mbuyu ameitumikia Nyumba ya Meza ya Dilala. Alianza kazi Jumatatu tarehe 5 Februari 1990, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024. Asingeweza kuchagua siku bora zaidi. Asubuhi hiyohiyo unafunguliwa Mkutano wa Saba wa Nyumba za Meza za Pamoja, na kwa mara ya kwanza unafunguliwa hapa Kolwezi, kwetu, katika ukumbi ulio hatua mia mbili kutoka kwenye birika lake.

Wageni wanatoka Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa, wengine Kitwe ng'ambo ya mpaka. Na safari hii wapo kumi na wawili kutoka Mbuji-Mayi, ambao hawajawahi kuja. Nimeambiwa kwamba madereva wa pikipiki wa Dilala wamegawana zamu za kuwapokea, na kwamba tangu Jumatatu hakuna anayeweza kufanya kazi kwa kelele za viti vinavyoburutwa na watu wanaojaribu vipaza sauti. Mimi naandika haya nikiwa kitandani, lakini furaha ya nyumba inanifikia kila mara mtu anapokuja kuniamkia. Wote wanaongea kwa haraka. Hakuna anayemaliza sentensi.

Elise, anayeiongoza nyumba siku hizi, aliniomba kurasa mbili kuhusu Mama Adolphine kwa ajili ya kijitabu cha mkutano. Zimezidi. Ataona kwa nini.

Kwa wageni ambao hawatujui: Nyumba ya Meza ni nyumba moja ya zamani ya kampuni ya madini, yenye veranda pana na paa la bati. Ndani mna meza kumi na nane. Kila mtu ana kazi yake na meza yake: fundi redio, mshonaji, mwandishi wa barua, mchora ramani, na sasa vijana wengi wa kompyuta. Hakuna aliyemwajiri mwenzake. Tunagawana paa, umeme na chai. Msichana mmoja wa Lubumbashi alikuja mwaka 2015 akatuambia, macho yakimng'aa, kwamba ulimwenguni kote watu wanafanya hivyo na jambo hilo linaitwa coworking. Mama Adolphine alisimama na birika mkononi akamwuliza: "Iyo ni ugonjwa, ao ni kazi?" Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata ndiye aliyeitisha mkutano wa kwanza.

Sisi tulianza bila jina. Mwanzoni mwa mwaka 1990 kampuni ilikuwa imeanza kuyumba, na makarani sita, mimi nikiwa mmoja wao, tulipewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Tulikodi nyumba pamoja, tukaleta meza zetu na mashine moja ya kuandikia. Adolphine alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa upande wa Manono, na aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, yaliyoletwa kwa treni kutoka Mutshatsha. Alikuja kutuuzia gunia moja la kuchemshia chai. Akaona jinsi wanaume sita wasomi wanavyochemsha chai, akatunyang'anya birika. Hakulirudisha tena. Hiyo ndiyo barua yake ya ajira, na hajawahi kuwa na nyingine.

Katika mwaka wake wa kwanza, tulipofika watu kumi na wanane, alinunua vikombe kumi na vinane vya bati, ambavyo sisi hapa tunaviita makopo. Alipiga misumari kumi na minane kwenye ubao karibu na mlango, akapaka jina la kila mtu kwenye kopo lake kwa rangi nyekundu ya kucha. Kila anayefika huchukua kopo lake na kuliweka mezani. Akiondoka hulirudisha kwenye msumari. Ukiingia, ubao unakuambia nani yupo na nani hayupo. Kanuni ni moja tu: kopo la mtu haliguswi na mwingine.

Kisha akatuletea saa ya birika. Saa nne kamili asubuhi mashine zote hunyamaza. Anapita meza kwa meza akimimina, na kila mtu hutaja kwa sauti kitu kimoja kilichomshinda katika kazi yake siku hiyo. Anayejua humsaidia. Hivyo tu. Mshonaji aliyeshindwa kuandika barua ya Kifaransa alipata mwandishi, na mwandishi aliyevaa suruali iliyochanika alipata mshonaji. Injinia mmoja kijana wa Kingamyambo alikuja na kompyuta yake kutumia umeme wetu asubuhi moja, akasikia saa ya birika, akakaa miaka mitatu.

Mama Adolphine ana namna zake. Intaneti ilipoingia nyumbani mwaka 2012, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kubadilisha neno la siri kila Jumatatu. Neno hilo huwa ni jina la mtu aliyeondoka Ijumaa bila kuosha kopo lake. Wiki nzima watu kumi na saba huandika jina la mkosaji kila wanapofungua mashine zao, naye mkosaji huliandika pia. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa neno la siri kwa wiki tano mfululizo. Leo anaosha mpaka makopo ya wageni.

Siku moja fundi alipokuwa akilehemu redio, kitambaa cha meza kilishika moto. Sisi wanaume tulikimbilia mlangoni tukibishana ndoo iko wapi. Mama Adolphine alimwaga birika zima juu ya meza, moto ukazimika, akarudi jikoni kuchemsha jingine. Alikasirika kwa ajili ya sukari, basi.

Nyumba kumi na moja za ukanda huu zimefunguliwa na watu waliokunywa chai yake. Zote zina ubao wa misumari, na zote hunyamaza saa nne. Na kadi ambayo kila mmoja wenu ameivaa kifuani sasa hivi, yenye mistari mitatu ya jina, meza na lile unaloweza kumsaidia mwenzako, ni kazi ya mkono wake. Aliichora mwaka 1994, kwa rula, kwenye daftari jipya alilolinunua mwenyewe. Wengi wameniuliza kwa nini kadi yetu ina mistari mitatu tu, wakati kadi za mikutano mingine zinajaa habari. Nimekuwa nikijibu kwamba Mama Adolphine hapendi maneno mengi. Jibu hilo si kamili, na leo nalikamilisha.

Hapa ndipo mnapongoja hadithi ya makopo tisa. Wengi mmenisikia nikiisimulia jukwaani. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walifukuzwa Kolwezi. Anayekumbuka hahitaji kuelezwa. Asiyekumbuka ajue kwamba walikuwa majirani zetu, kwamba baba zao na babu zao waliletwa na kampuni kuchimba shaba, kwamba wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga Kasai. Katika wiki chache walijikuta wamelala madarasani na kwenye stesheni, pamoja na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni isiyofika. Katika nyumba yetu walikuwa tisa kati ya kumi na wanane.

Hadithi mnayoijua inasema kwamba katibu wa nyumba, Gracien Banza, yaani mimi, aliyaficha makopo yao tisa, akayatunza kwa miaka mitano, na kuyarudisha kwenye misumari walipoanza kurudi. Nimepigiwa makofi kwa hadithi hiyo katika mikutano sita. Mwaka jana, kule Likasi, mlinivika kitenge begani mkasimama.

Mambo yote hayo yalitendeka. Sikuyatenda mimi. Sikuficha hata kopo moja.

Nilikuwa karani wa kampuni kwa miaka ishirini na mmoja. Fomu zetu zilikuwa na visanduku vitano: jina, namba, kazi, anwani, asili. Tulipofungua Nyumba ya Meza nilichora daftari la meza, na mkono wangu ukachora visanduku vilevile vitano bila mimi kufikiri. Hakuna aliyeniomba kile cha tano. Nyumba haikuwa na haja yoyote ya kujua baba wa fundi redio alizaliwa wapi. Lakini karani wa kampuni hawezi kuona kisanduku kitupu akalala. Nilimwuliza kila mmoja, na kila mmoja alinijibu kwa uaminifu.

Meza ya tatu alikaa Tata Mpoyi, mpiga chapa, mtu wa mizaha mingi. Alizaliwa hapa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni. Mke wake alitoka Mutshatsha. Alizungumza Kiswahili chetu tu, na jina lake wengi walidhani ni la hapahapa kwetu. Nilipomwuliza asili alicheka, akasema baba yake alitoka Luputa, kule Kasai, lakini yeye hajaiona Luputa hata kwenye picha. Nikaandika: Luputa. Mtaani kwake hakuna aliyejua. Daftari langu lilijua.

Mwishoni mwa Machi walikuja vijana wanne. Walitaka kujua nani anakaa kwenye meza gani. Hawakunipiga, wala hawakupaza sauti, na mmoja wao nilikuwa nikimjua tangu alipobatizwa. Ningeweza kusema daftari limeibwa. Tangu uporaji wa mwaka 1991 kila kitu mjini kilikuwa kimeibwa, wangeniamini. Badala yake niliketi kwenye mashine, nikaingiza karatasi tatu na kaboni mbili katikati, nikapiga orodha safi kwa mpangilio wa alfabeti, na kisanduku cha tano kikiwemo. Hawakuniomba hicho pia. Nakala zilikuwa tatu kwa sababu hati zote za kampuni zilitoka kwa nakala tatu. Niliogopa, ni kweli. Lakini nisiongeze uongo mwingine katika umri huu: nilipokuwa nikipiga, niliangalia pia kwamba pambizo zimenyooka.

Nakala ya kwanza niliwapa. Ya pili niliichana jioni ileile. Ya tatu ninayo.

Mama Adolphine alikuwa ametoka kununua makala. Aliporudi, vijana walikuwa wameshaondoka. Alikwenda kumwaga taka, akaona karatasi za kaboni kapuni, akainua moja kwenye mwanga wa dirisha. Kaboni mpya, iliyotumika mara moja, huonyesha kila herufi. Alisoma mpaka mwisho. Kisha alikuja mezani kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Tata Banza, ile kipande ya asili ilikuwa ya kazi gani?"

Niliifunika mashine. Alingoja kidogo, akaenda kwenye ubao. Aliyatoa makopo tisa, moja moja, akayapanga katika kitunga na kuyafunika kwa sombe, majani ya muhogo. Kanuni ya kutogusa kopo la mwingine ni yake mwenyewe. Ameivunja kwa ajili ya makopo hayo tisa tu.

Usiku ule vijana walipita nyumba kwa nyumba na orodha yangu, wakawatoa wote tisa. Kesho yake, saa nne kamili, Mama Adolphine alikuwa stesheni, walikopelekwa, na birika.

Sasa nisimulie sehemu ambayo sikuwahi kuisimulia jukwaani, kwa sababu sikuwepo. Nimeipata kwa Tshimanga, fundi redio, ambaye ni mmoja wa wale tisa. Kwa siku arobaini na moja Mama Adolphine alitembea nusu saa kwenda stesheni na nusu saa kurudi. Kila mmoja alikunywa katika kopo lake, lenye jina lake, huku amekaa juu ya mzigo wake. Na baada ya kumimina alisimama na kuuliza, kama kawaida, ni kitu gani kimewashinda leo. Siku ya kwanza walimtazama kama mtu aliyepoteza akili. Siku ya pili Tshimanga akasema anakosa waya wa kulehemu. Siku ya tatu waya ulifika chini ya sombe.

Kuanzia hapo stesheni ikawa nyumba ya meza. Tshimanga alitengeneza redio juu ya sanduku la nguo. Wateja wa Dilala, wengine wakiwa katika nyumba ambazo zilipiga kelele za kuwafukuza, walimpa Mama Adolphine redio zao mbovu, na kesho yake wakazipata zinaimba, bila kuuliza. Mshonaji alikata nguo za komunyo akiwa ametandika shuka sakafuni. Tata Mpoyi, ambaye hakuwa na mashine, aliwaandikia watu barua kwa mkono, mpaka foleni ikazunguka ghala. Kijana mmoja kati ya waliolinda lango la stesheni alimwuliza Mama Adolphine makopo yote hayo ni ya nini. Alimjibu kwamba ana wageni wengi, akamkabidhi birika alishike wakati yeye anajifunga kitenge vizuri, na kijana akalishika kwa mikono miwili mpaka alipomaliza. Tshimanga anasema walicheka kwa jambo hilo siku mbili nzima. Walicheka, pale.

Mimi nilikuwa mezani kwangu. Sikwenda hata siku moja.

Treni ilifika mwezi wa Mei. Waliposimama madirishani aliwaambia wamrudishie makopo, kwa sababu misumari yao inabaki. Walimrudishia, mmoja mmoja. Tata Mpoyi alikuwa ameshaanza kuugua. Alifariki ndani ya behewa kabla ya Kamina, akazikwa kando ya reli. Mke wake aliendelea na safari akiwa na binti wa miaka miwili, Mushiya.

Makopo tisa yalikaa nyumbani kwa Mama Adolphine, ndani ya gunia la makala, miaka mitano. Katika muda huo alinunua lile daftari jipya, akalichora mistari mitatu, akaniwekea mezani. La zamani alilitia jikoni, na chai ya siku hiyo ilichemka kwa karatasi zake.

Tshimanga alirudi mwaka 1998, wa kwanza. Mama Adolphine alisikia kwamba ameonekana mjini, akaleta gunia asubuhi, akayaosha makopo yote tisa na kuyaangika. Tshimanga aliingia, akaona jina lake. Meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Tangu stesheni alikuwa akidhani kwamba katibu ndiye aliyemtuma Mama Adolphine na makopo, na kwamba yalirudishwa kwangu. Alinikumbatia mimi, akalia begani kwangu, akasema:

"Tata Banza, kumbe ulinichungia kopo yangu."

Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Mama Adolphine alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, na birika mkononi. Alinitazama, akangoja, kama alivyongoja siku ile ya kaboni. Sikusema. Akamimina.

Ndivyo hadithi ilivyokuwa yangu. Wengine watano walirudi baadaye, kila mmoja akasimuliwa na aliyemtangulia, nami nikajifunza kuisimulia vizuri. Mama Adolphine hakuwahi kunipinga mbele ya mtu. Kila Januari alipaka majina upya kwenye makopo kumi na manane, langu likiwemo, na la Mpoyi likiwemo. Kila saa nne alinimiminia kama wengine, sukari vijiko viwili.

Mwezi wa Aprili nilipokea barua kutoka Mbuji-Mayi. Wawili kati ya wale tisa hawakurudi kwetu. Walifungua nyumba ya meza kulekule, na anayeiongoza leo ni Mushiya, binti wa Mpoyi. Ndiye anayewaleta wale kumi na wawili. Aliniandikia kwa furaha kubwa kwamba atasimama Ijumaa mbele ya mkutano, anikabidhi kitambaa alichoachiwa na mama yake, kwa kuwa nililitunza kopo la baba yake. Ameomba anywe chai katika kopo hilo, nikiwa nimeketi karibu naye.

Ninaweza kubeba makofi ya Likasi. Hicho kitambaa siwezi.

Mama Adolphine huja kwangu kila Ijumaa baada ya kazi, na birika dogo. Mwezi huu nilimwambia kwamba nitaandika kila kitu, na kwamba aliondoe kopo langu kwenye ubao kabla ya mkutano. Alinimiminia chai kwanza. Kisha akajibu mambo mawili. La kwanza: "Andika. Lakini anza na kazi yangu, mi sikutumika siku moja tu." Ndiyo maana mmesoma habari za neno la siri na moto wa mezani kabla ya haya, na alikuwa na haki. La pili lilihusu kopo: "Kopo ya mutu, mwingine haiguse. Utakuya weye mwenyewe uitoe, ao utakuya unywe."

Tshimanga nilimwita siku iliyofuata, nikampa nakala ya tatu mkononi. Ana miaka sabini na minne. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaondoka nayo bila kuaga. Siku ya tatu alirudi, akaiweka kitandani kwangu, akanionyesha mstari kwa kidole.

"Uliandika meza sita," alisema. "Mi nilikuwaka meza saba."

Nilichukua kalamu nikasahihisha. Aliniangalia nikisahihisha. Alisema atakuwepo ukumbini Ijumaa, lakini hakusema atakaa wapi.

Basi naomba mambo matatu, nikiwa bado na akili timamu. Daktari amenieleza wazi kwamba mvua za Oktoba huenda nisizione. Elise, nakala ya tatu ipo ndani ya bahasha pamoja na maandishi haya. Ibandike karibu na daftari la mistari mitatu, ili vijana wanaopenda kuongeza visanduku kwenye fomu waone kisanduku kinaweza kufanya nini. Mushiya, baba yako alijulikana kwa sababu yangu. Kitambaa ni cha Mama Adolphine, na neno lolote utakalotaka kuniambia mimi, liseme mbele ya wote, nitalisikiliza. Na ninyi mlionipigia makofi, msiyarudishe nyuma. Yasogezeni tu hatua tatu, mpaka pale aliposimama na birika.

Ijumaa watanileta kwa gari. Nitakuwa nimeketi mstari wa mbele, nanyi mtakuwa mmeshasoma, kwa maana Elise ameahidi kuvigawa vijitabu hivi mlangoni tangu saa mbili. Kopo langu litakuwa kwenye msumari wake, ubao wote umehamishiwa ukumbini. Sijui kama nitalichukua ili ninywe au ili niliondoe. Nitakapoona nyuso zenu nitajua.

Jambo moja najua. Saa nne kamili, kwa mara ya kwanza tangu alipotunyang'anya birika mwaka 1990, Mama Adolphine Mbuyu atakuwa ameketi. Elise amechemsha majaribio mara tatu wiki hii na anaogopa kuliko alivyoogopa mitihani. Watu mia mbili wa nyumba kumi na mbili, kila mmoja na kopo lake, watanyamaza, na mtu mwingine atamimina, akianza na yeye. Kisha atalazimika kututajia kitu kimoja kilichomshinda. Tumengoja miaka thelathini na minne kukisikia, na nina hamu kama mtoto.

Mama Adolphine, tunakushukuru kwa asubuhi zote. Tunakushukuru kwa kilomita zote za kwenda stesheni. Kaa sasa, nyoosha miguu. Tunakutakia siku ndefu zenye afya, wageni wanaoosha makopo yao, na chai, kila saa nne, ambayo hukuichemsha wewe.

Gracien Banza
Katibu wa zamani, meza ya kwanza